Sahani Mia Mbili na Hamsini

Mwezi wa saba mwaka wa 2006, kila mtu Kitale alijua kwamba mimi, Nasike, nimepewa kazi ya kutengeneza websaiti ya wapishi wa Bungoma. Shida ilikuwa moja tu: nilikuwa bado sijapewa.

Lakini hebu niwaulize, habari tamu mtu anaikalia vipi? Mama Lenah, mwenyekiti wa Umoja wa Wapishi wa Sherehe, alinipigia simu Jumatatu asubuhi akaniambia wanatafuta mtu. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na Agosti ya tohara ikifika Bungoma nzima inapika. Watu wetu walioko Nairobi na Uingereza na Amerika wanataka kuja kuwafanyia vijana wao sherehe nyumbani, na wanataka kujua ni nani atawapikia kabla hawajapanda ndege.

"Wanasema siku hizi mpishi anatafutwa kwa kompyuta," Mama Lenah akaniambia. "Sasa njoo hapa Bungoma Jumamosi na hiyo websaiti yako tuione. Kuna kijana mwingine pia analeta yake. Tutachagua."

Mimi nilisikia "njoo". Hayo mengine niliyasikia baadaye.

Kabla ya saa nne nilikuwa nimemwambia Rahab, na Rahab ana saluni. Si hapo nimemaliza? Neno likiingia kwa Rahab halijachanwa, linatoka limesukwa. Kufika saa sita wanawake wa sokoni walikuwa wananipa pongezi, na mimi, badala ya kuwaambia ngojeni kwanza, nikawa nasema asanteni.

Saluni ya Rahab na saiba yangu zilitengwa na ukuta wa mbao tu, nyuma ya stendi. Nilikuwa na kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na benchi ambalo halikukosa watu hata siku ya mvua. Mimi bila watu siwezi kukaa. Mtu aliingia kwangu kutuma imeili akatoka anajua nani ameposwa Endebess na nani amehepa harusi yake Cheptais. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Jina langu mjini lakini lilikuwa Nasike wa Fotokopi, na jina hilo lilikuwa linaniuma.

Kwa sababu miaka miwili mizima nilikuwa nimejifundisha kutengeneza kurasa. Sikusomea popote, shule niliiacha kidato cha pili. Nilichofanya ni kufungua kurasa za watu, nikabonyeza pale panapoonyesha maandishi yaliyofichwa nyuma, nikayasoma kama mtu anayechungulia jikoni kwa jirani aone mboga yake inatiwa nini. Nikiona kitu kizuri nakijaribu kwangu. Kikiharibika narudia. Kazi ya wapishi ndiyo ingekuwa ya kwanza kuonekana na watu. Nikiipata, mimi ni fundi wa websaiti. Nikiikosa, na Kitale yote imeshaambiwa, basi hata huo mlango wa fotokopi ningeufunguaje?

"Na huyo kijana mwingine ni nani?" Rahab akaniuliza, kitana mkononi.

"Mathenge."

"Mathenge gani? Si yule wa diploma?"

"Huyo huyo."

Rahab akaziachilia nywele za mteja. "Wee Nasike! Huyo anafundisha kompyuta pale juu, ana programu imekuja na sanduku lake na kitabu. Mama yake tunasali kanisa moja, hatupumui na hiyo diploma. Hata akiombea chakula lazima aitaje."

Basi Jumanne nikaamua kwamba kama vita ni vya programu, na mimi nitafute silaha. Mteja mmoja alikuwa na CD ya programu kubwa ya kutengenezea kurasa, ya kujaribu siku thelathini. Nikaiweka. Kompyuta ikaanza kupumua kama mgonjwa. Ilipofunguka nikaona vitufe mia, vidirisha juu ya vidirisha, ni kama umeingizwa jikoni mwa hoteli kubwa na wewe ulikuja kuomba chumvi. Nikaitoa. Nikajaribu ile programu ya kuandikia barua, kwa sababu mwingine kwenye benchi aliapa kwamba nayo inaweza. Nikaandika maneno mawili tu, "Karibuni mezani". Kuangalia nyuma, nikakuta programu imenijazia mistari hamsini ya takataka ambayo sikuiagiza.

Nikarudi kwa Notepadi. Ile ndogo, inayokuja ndani ya kila kompyuta bila kuitwa. Haina rangi, haina vitufe vya maana, ni karatasi nyeupe tu. Ukiandika kimeandikwa. Kikiharibika, umekiharibu wewe mwenyewe na unajua ni wapi.

Rahab alikuja akainama nyuma yangu. "Hii ndiyo unaenda kushindania na Mathenge? Si hii ndiyo uliniandikia orodha ya mafuta ya nywele?"

"Ndiyo hii."

"Mungu atuonekanie."

Jumatano ilikuwa siku ya kutafuta hosting, yaani mahali pa kuiweka websaiti ili dunia iione. Maana ukurasa ukikaa kwa kompyuta yako peke yake ni kama umepika ukajifungia ndani. Kuna kampuni zinazokupangisha nafasi, na siku hiyo tulizichagua mimi, Rahab, na wanawake watatu wenye dawa kichwani waliokataa kungoja saluni habari zikipita. Saiba ilijaa mpaka mlangoni.

Za ng'ambo zilikuwa nzuri, lakini zilitaka kadi ya benki ya kulipia. Kadi nilizokuwa nazo mimi ni ya kitambulisho na ya kanisa. Za Nairobi zilitaka uende benki, ulipe, utume risiti kwa faksi, ungoje siku tatu au nne. Siku nne sikuwa nazo. Zikabaki za bure.

Ya bure ya kwanza ilifunguka vizuri, nikaweka ukurasa wangu. Tunashangilia, mara juu ya jina la Umoja wa Wapishi ikachomoza picha ya msichana aliyevaa kitu kidogo kama leso ya mfukoni, na maandishi ya kuuliza kama unatafuta mpenzi usiku wa leo. Wale wenye dawa kichwani walipiga kelele hadi watu wa stendi wakaja kuona nani ameibiwa.

"Toa! Toa!" Rahab akasema. "Mama Lenah ni shemasi!"

Kumbe nafasi ni ya bure kwa sababu wao wanabandika matangazo yao kwa ukuta wako. Nikatoa. Ya pili haikuwa na matangazo. Ilikuwa safi, nyeupe, na masharti marefu kwa herufi ndogo kama siafu. Nani ana wakati wa kusoma siafu? Nikabonyeza nakubali.

Picha zilikuwa tayari. Mama Lenah alikuwa amezituma kwa CD na basi la asubuhi, kumi, zimepigwa na mpwa wake kwa kamera mpya ya dijitali. Kuku wa kienyeji kwenye bakuli, pilau, chapati zimepangwa kama vitabu, na mpishi mmoja kutoka Cheptais anaitwa Chesang amesimama nyuma ya sufuria na mwiko mrefu kuliko yeye. Kila picha ilikuwa kubwa na kali, unaona mpaka mvuke. Nikaziweka vile zilivyo. Alhamisi jioni nikafungua ukurasa na ukatokea, picha moja baada ya nyingine, pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi amevaa nguo mpya. Nilipiga kigelegele peke yangu. Rahab akaitikia kupitia mbao.

Na sasa sikilizeni kosa langu, maana ni langu kabisa. Ijumaa niliita watu.

Niliita jinsi sisi tunavyoita watu kwa harusi: hakuna kadi, hakuna hesabu, unamwambia mmoja na unamwambia aambie wengine. Nilipigia saiba za Endebess. Nilipigia Cheptais na Webuye. Nilimwandikia imeili binamu yangu aliyeko Minnesota, na yeye akawapelekea watu wote wa Bungoma walioko huko, nao wana makanisa na makanisa yana kwaya. Simu zilianza kurudi mchana.

"Nasike, nimeona kuku!"

"Mimi imechukua dakika kumi, nikaenda kunywa chai, kurudi nikakuta pilau!"

"Bana, hiyo chapati ni ya nani? Ako na mume?"

Siku yangu tamu kuliko zote. Nililala nikicheka.

Jumamosi saa nane nilikuwa Bungoma, kwa saiba ya Wangila, karibu na soko. Wangila, mtu mnene wa maneno machache, alikuwa amefungia wateja nje kwa heshima ya Umoja. Ndani kulikuwa na wapishi kama thelathini, wamevaa leso na vitambaa vya kichwa, wamekalia viti, meza, na kreti za soda. Mama Lenah alikuwa mbele kabisa, mrefu, mikono yake mikubwa imelala kwa magoti.

"Mulembe, mayi," nikamsalimu kama mama yangu.

"Mulembe, mwana. Umekonda. Keti."

Mathenge alikuwa ameshafika, shati limepigwa pasi, miwani. Akanyoosha mkono. "Niaje, Nasike wa Fotokopi."

"Poa, Mathenge wa Mama Mathenge."

Wapishi wakaangua kicheko, na yeye akacheka kidogo. Akaanza yeye. Wangila akaandika anwani yake, tukangoja dakika sita, na nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Sufuria ilichorwa, mvuke unapanda, herufi zinaruka kutoka pembeni na kujipanga kuwa "Umoja wa Wapishi wa Sherehe". Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kizuri ni kizuri.

"Sasa ya Nasike," Mama Lenah akasema.

Nikamtajia Wangila anwani. Akaandika. Skrini ikawa nyeupe. Nikawaambia, "Subirini muone kuku." Badala ya kuku ikatokea sentensi moja ya Kiingereza, ndogo, katikati. Wangila akaisoma kwanza kimya, kisha akaitafsiri kwa sauti kama mtu anayetangaza msiba: "Ukurasa huu umefungwa. Umemaliza kiwango chake cha mwezi."

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Sentensi ile ile.  Niliona Kitale yote: Rahab, benchi, wale wa sokoni, wote wananiuliza ilikuwaje.

"Ni ya bure, sivyo?" Mathenge akauliza.

"Ni ya bure."

"Zile za bure zina kipimo. Watu wakifungua sana, wanaifunga mpaka mwezi ujao. Imeandikwa kwa masharti."

Siafu!  Wapishi wakaanza kunong'ona, na mmoja wao akasimama ghafla na kiti kikaanguka. Nilimtambua kwa picha. Alikuwa Chesang.

"Lakini mimi jana nimeiona!" akasema. "Pale Cheptais, kwa macho haya. Kuku alikuwa hapa, na mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika mwiko. Kijiji kimeniona!"

"Hata mimi niliiona," mwingine akasema.

"Mtoto wangu ameiona Eldoret."

"Dada yangu amepiga simu kutoka Amerika, ati mbona sikumtumia hiyo pilau!"

Mama Lenah akainua mkono, kukawa kimya. Akanigeukia. "Nasike. Uliita watu wangapi?"

"Mayi, sikuhesabu."

"Uliita wapi na wapi?"

Nikamtajia. Endebess, Cheptais, Webuye, Minnesota na kwaya zake. Kadiri nilivyotaja ndivyo alivyozidi kufinya macho, na nilijua uso ule. Ni uso wa mpishi mkuu saa nane mchana, akiona basi la pili la wageni linaingia kwa boma.

"Chakula kimekuishia," akasema.

"Ndiyo, mayi."

"Hilo kwangu ni aibu kubwa kuliko kuunguza. Sasa tuambie. Sufuria ulipewa ya kiasi gani?"

Nilimwangalia Mathenge. Akainua mabega, kama anasema jibu mwenyewe. Nikajibu nilichokuwa nimekiona Jumatano kwenye ukurasa wa ile kampuni bila kukijali. "Megabaiti mia tano kwa mwezi."

"Sijui hiyo ni nini, lakini ni mia tano. Na sahani moja, mtu mmoja akifungua mara moja, anabeba ngapi?"

Picha kumi, kila moja kilobaiti mia mbili. "Kama megabaiti mbili, mayi."

Sikumaliza kufunga mdomo. Hawa ni wanawake wanaogawa ng'ombe mmoja kwa harusi nzima bila kalamu. Sauti thelathini zilitoka pamoja: "Sahani mia mbili na hamsini!"

"Mia mbili na hamsini," Mama Lenah akarudia. "Na wewe ukaita mataifa."

"Lakini waliofika walikula," Chesang akanitetea.

"Chesang, ngoja, bado tunapima. Kwa hiyo sahani, Nasike, kitu kizito ni nini?"

"Ni picha, mayi. Maneno hayana uzito. Ni kama chumvi tu."

"Basi picha ndiyo nyama."

"Ndiyo nyama."

"Na ulimpa kila mgeni kuku mzima."

Kicheko kilichotoka pale kilitingisha madirisha. Wangila mwenyewe alishika tumbo. Na mimi, katikati ya kuchekwa, kichwa changu kikafunguka kama mlango uliopigwa teke. Kuku mzima! Nilikuwa nimeweka picha za kubandikwa ukutani kwa ukurasa wa kutazamwa kwa kioo kidogo.

"Kata vipande!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Kata!" wakaitikia.

"Nikizikata," nikasema, na sauti yangu ilikuwa inapanda yenyewe, "kila picha nikiifanya kilobaiti kumi, zote kumi ni mia moja tu. Sufuria ile ile... mayi, sufuria ile ile inalisha watu elfu tano!"

Walisimama. Thelathini wote. Kuna aliyepiga kigelegele. Ungedhani nimesema mbinguni wamefungua tawi Bungoma.

Mathenge akangoja kelele ipungue, kisha akasema kwa upole, "Mama, hayo ni maneno. Yangu imefunguka. Yake haijafunguka."

Na alikuwa amesema kweli.  Mama Lenah akakubali kwa kichwa. "Kijana hajakosea. Lakini hata yako hatujaionja."

"Si mmeiona?"

"Tumeiona. Mpishi mpya akitaka kuingia katika Umoja huu, akija na chakula ndani ya hotpoti, hatuli. Nani anajua kimepikwa na nani? Tunampa moto wetu, sufuria yetu, na tunakaa tunamwangalia. Hivyo ndivyo niliingia mimi, hivyo ndivyo aliingia Chesang, alilia."

"Ulikuwa moshi," Chesang akasema.

"Wangila ana kompyuta mbili pale. Tunataka ukurasa wa Agosti: kila mpishi na wiki ambayo yuko huru na namba yake ya simu. Pikeni."

Mathenge akaiangalia kompyuta ya Wangila, akabonyeza hapa na pale, akavua miwani. "Programu yangu haiko hapa. Iko kwa mashine ya Kitale. Kuileta ni CD, ni saa nzima ya kuiweka, na namba zake za siri ziko ofisini. Nitawaletea Jumanne."

"Kwa hivyo moto wako uko Kitale."

"Uko Kitale, mama," akasema, na akacheka mwenyewe, akapangusa miwani kwa shati.

Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nilifungua Notepadi. Ilikuwa pale, kama kawaida, karatasi nyeupe. Niliichomeka ile CD ya picha niliyokuwa nimekuja kuirudisha, nikafungua programu ya kuchorea iliyo kwa kila mashine, nikaanza kupunguza kuku. Kisha nikawaambia, "Nitajieni."

Hamjaona saiba kama ile. Walinizunguka mpaka nikakosa hewa, na nilipenda kila dakika. Mmoja ananitajia namba ya simu, mwingine anairekebisha, wa tatu ananiambia huyo wiki ya pili hayuko huru, asidanganye watu, ana shemeji yake anatahirisha. Huyo naye anajibu kwamba shemeji ni wake na wiki ni yake. Vidole vyangu vilikuwa vinakimbia. Naandika jina, naandika wiki, nafunga mstari, jina, wiki, nafunga.

"Tuone," Mama Lenah akasema.

Nikauhifadhi, nikaufungua. Ukatokea hapo hapo. Kigelegele kikaanza, halafu kikakatika.

"Mbona kuanzia Rosaline kwenda chini wote wamenenepa?" Chesang akauliza.

Kweli, nusu ya orodha ilikuwa herufi nyembamba na nusu herufi nene. Rosaline, mpishi wa chapati, akajitazama kiuno. Nikarudi kwa Notepadi, nikatafuta mstari wake, nikaona pale nilipofungua herufi nene nikasahau kuzifunga. Nikafunga. Nikahifadhi. Nikafungua.

"Amekonda!"

"Rosaline, amekukondesha kwa dakika moja! Mimi pia niweke!"

Mama Lenah hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yangu. "Umejuaje ni hapo?"

"Mayi, nimeliandika mimi, kila neno. Najua nimetia nini na wapi."

  Kilichobaki ni kimoja: kuupeleka ukurasa mahali dunia itauona, na ile nafasi yangu ilikuwa imefungwa mpaka mwezi ujao. Nilikuwa natafuta la kusema niliposikia mtu amevuta kiti karibu yangu. Mathenge.

"Sogea," akasema.

"Unataka nini?"

"Nafasi yangu ni ya Nairobi, ya kulipia. Nimelipia mwaka mzima, na ndani kuna kurasa mbili, na mgeni ni mmoja, mama yangu." Akageukia wapishi. "Angalieni huko kwingine niweke paswadi."

Wanawake thelathini wakageuza shingo kwa pamoja na kutazama ukuta wa Wangila, wenye kalenda ya mbolea. Mathenge akaandika. Tukaupeleka ukurasa, faili moja baada ya nyingine. Nilimnong'onezea, "Mbona unanisaidia?" Akanong'ona, "Nimeingoja programu yangu irekebishe kosa kwa dakika moja, mwaka wa pili sasa." Kisha kwa sauti ya kawaida: "Na usizoee."

Wangila akaandika anwani mpya. Tulihesabu kwa sauti, chumba kizima, kama wakati wa mwaka mpya. Kumi. Ishirini. Thelathini na mbili, kuku akatokea. Mdogo, wa kipande, lakini ni kuku. Thelathini na tano, pilau. Kabla ya arobaini kila kitu kilikuwa mezani, na majina yote, na wiki zote za Agosti.

Mama Lenah akaamka. Alikuja mpaka kwa skrini, akainama, akasoma kutoka juu mpaka chini, midomo inatembea. Alipofika mwisho akaweka mkono wake mzito kwa bega langu.

"Nasike ndiye mpishi wetu wa websaiti," akasema. "Na sufuria tutanunua hii ya Nairobi, kubwa, tusikope ya kijana. Masharti utanisomea yote, hata yale madogo. Mathenge, utatuonyesha pa kulipia?"

"Nitafikiria," Mathenge akasema, lakini alikuwa ameshatoa kalamu.

Sikumbuki kilichofuata kwa mpangilio. Nakumbuka nilibebwa. Nakumbuka soda. Nakumbuka Wangila akifungua mlango na wateja wake wakiingia kuuliza harusi ni ya nani. Na nakumbuka Chesang akinivuta kando, kwa siri ambayo watu wote waliisikia.

"Mwanangu, hawa wengine kata tu. Lakini mimi ile picha yangu iache vile ilivyokuwa. Nimetoka Cheptais, watu wangu wataniuliza kwa nini nimekuwa mdogo."

"Haiwezekani, mayi. Kila mtu kipande kimoja."

"Hata mimi? Niliyekutetea?"

"Hata wewe."

Akanitazama kwa hasira, mikono kiunoni, kisha akamtafuta Mama Lenah kwa macho ili apeleke rufaa. Mama Lenah alikuwa ameshageukia soda yake.

"Muulize mwenye jiko," akasema.

Chesang akarudi kwangu. Nikamwacha na kilobaiti zake kumi kama wengine wote, huko huko Nairobi, na nikamwita mwingine mwenye namba ya simu ya kurekebisha.